Fundi akisema "geuza kulia", kulia ni wapi kwenye duara?

#1 MkaaMkomani (Lamu)
Wanajamvi, salaam. Jana nimevunja feni ya mama na bado hajajua, kwa hiyo nisaidieni kabla ya magharibi.

Feni yenyewe ni ile ya kusimama. Joto la kaskazi mnalijua, na mapanga yalikuwa yameota manyoya ya vumbi mpaka feni inakoroma kama mzee. Nikapangusa vumbi la juu kwa kitambaa, nikasema sasa nifungue nikayaoshe vizuri. Wavu wa mbele umetoka bila shida. Katikati ya mapanga kuna kifuniko cha plastiki kinachoyabana kwenye chuma cha mota. Nikampigia binamu yangu aliye fundi huko Malindi: nakizungusha wapi? Akajibu, "Hicho ni kinyume na vingine. Kukifungua, geuza kulia."

Basi nikaweka kidole chini ya kifuniko, nikakisukuma kwenda kulia. Hakiendi. Nikaongeza nguvu. Nikaleta koleo. Tak! Vipande viwili.

Nimempigia tena anacheka: "Nimekwambia kulia, wewe umekwenda kushoto." Wallahi nilikwenda kulia! Kidole kilitoka kushoto kikaenda kulia mbele ya macho yangu. Kwa hiyo swali si feni tena. Kitu kikizunguka, juu yake ikienda kulia, chini yake inakwenda kushoto. Sasa kulia kwake ni kupi? Nyinyi mnakumbukaje?

#2 TuktukLaMaweni (Malindi)
Kulia kaza, kushoto legeza. Nilifundishwa hivyo gereji, sijakosea mpaka leo. Pole kwa feni.

#3 MkaaMkomani
Kaka, soma swali. Kulia ya juu au ya chini?

#4 TuktukLaMaweni
Ya juu bwana. Nani anaanzia chini?

#5 ShotoWaShela (Lamu)
Mimi naanzia chini, na si peke yangu. Bisibisi haina juu wala chini, sawa, lakini spana ina mkono. Nati ikiwa chini ya sinki na spana inaning'inia, jicho linafuata mkono wangu, halimfuati malaika aliyekaa juu ya nati. Mkono ukienda kulia naona nimekwenda kulia. Mtoa mada hana kosa, mwenye kosa ni binamu yake.

#6 MaalimChaki (Malindi)
Nafundisha fizikia, na kila mwaka nasahihisha kosa hili. Kulia na kushoto ni maneno ya kitu kinachokwenda moja kwa moja. Kinachozunguka kina maneno yake: mwendo wa saa na kinyume cha saa. Yapo hata mafupi zaidi, kisaa na kinyumesaa. Skrubu ya kawaida ukiizungusha na saa inaingia, ukiizungusha kinyume inatoka. Mjadala umekwisha.

#7 MjukuuWaBwanaSaa (Lamu)
Haujakwisha, Maalim. Saa ya nani?

Mwaka juzi nilikuwa chini uani, mdogo wangu yuko darini kwenye tangi. Maji yanamwagika, nataka afunge koki. Nikamwambia kwa simu, "Toka saa sita, peleka saa tatu." Mimi kichwani nina namba 3 iliyo kulia mwa saa. Yeye ni mtoto wa Kiswahili: saa tatu asubuhi mshale mfupi unakaa wapi? Kwenye 9! Kushoto! Akapeleka huko kwa nguvu zake zote. Tuliogelea.

Na babu yetu alikuwa ameitega saa yake ya mkononi kwa hesabu ya Kiswahili kabisa, magharibi ikiingia mishale yote miwili iko juu kwenye 12. Kwake yeye saa tatu ilikuwa 3 kweli. Kwa hiyo nyumba moja, watu watatu, saa tatu mbili tofauti.

#8 MaalimChaki
Hadithi nzuri, lakini kosa ni lako. Wewe umetaja namba. Saa ya babu yako hata ungeibandika kichwa chini, mishale ingezunguka upande uleule. Ungesema "mwendo wa saa" mngebaki wakavu.

#9 MamaWawili (Malindi)
Wanangu hawajawahi kuona mshale wa saa. Saa yao iko kwenye simu na ina namba tu. Nikiwaambia "mwendo wa saa" wananiangalia kama nimesema Kireno. Nimewafundisha kwa chupa ya maji: mkono unaofunga kifuniko cha chupa ndio unaokaza kila kitu. Mwili unakumbuka wenyewe, huna haja ya jina.

#10 MkaaMkomani
Mama, hiyo ndiyo iliyoniponza. Kifuniko cha feni kinafunguka kwa ule mwendo wa KUFUNGA chupa.

#11 NahodhaMstaafu (Lamu)
Nyote mnazunguka mbuyu. Saa ilijifunza kwa jua. Kabla ya saa watu walisimamisha kijiti wakatazama kivuli, na kivuli kinakwenda upande huo mishale inakokwenda leo. Kwa hiyo mtu akipotea, atoke nje atazame kivuli chake. Jua halisahau.

#12 MaalimChaki
Nahodha, shikamoo. Uliyosema ndiyo maelezo yanayotolewa sana kuhusu mishale ya saa, lakini ni kivuli cha watu wa nchi za kaskazini, ambako jua la adhuhuri liko kusini daima. Sisi huku kivuli kinabadili dini mara mbili kwa mwaka. Lamu iko kama nyuzi 2 na robo kusini ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini yenu: kivuli kinaanza magharibi, kinapita kusini, kinaishia mashariki. Ukikitazama kwa juu, hicho ni kinyume cha saa. Miezi iliyobaki jua liko kusini na kivuli kinakwenda na saa.

#13 NahodhaMstaafu
Marahaba. Yaani wakati wa kusi jua liko kaskazini, na wakati wa kaskazi jua liko kusini? Miaka arobaini baharini na hili sikuwahi kulisema kwa mdomo, japo mato yangu yalilijua.

#14 TuktukLaMaweni
Kwa hiyo skrubu ya Lamu ikazwe Januari, ilegezwe Julai 😂

#15 MjukuuWaBwanaSaa
Nimejaribu leo darini kwa kijiti cha mshikaki. Saa mbili kivuli kinaelekea magharibi. Saa sita na nusu kimefupika, kimelala upande wa kaskazini. Saa kumi kiko mashariki. Ni kaskazi, kwa hiyo kimekwenda na saa kama Maalim alivyosema. Mke wangu ameniuliza mara tatu nafanya nini darini na mshikaki usio na nyama.

#16 ChumaNaGesi (Malindi)
Nimewasoma kimya, sasa natia mguu. Nyinyi mnagombana juu ya jina la mwendo, na nati yenyewe haijakubali kanuni. Nachomelea vyuma. Kwangu kuna mitungi miwili: oksijeni nyuzi zake, ile mikato ya skrubu, ni za kawaida, zinakaza na saa; asetilini nyuzi zake za kinyume, zinakaza kinyume cha saa. Imewekwa hivyo kusudi mtu asije akafunga mpira wa gesi ya kuwaka kwenye mtungi usio wake. Na nati ya kinyume ina alama: pembe zake zimekatwa mifuo. Kijana mgeni namwambia, ukiona nati ina makovu, fikiri mara mbili. Mtungi wa asetilini ni ule wa rangi ya damu ya mzee.

Halafu jiwe la kunolea la mezani, lile lenye magurudumu mawili. Nati ya kulia ni kawaida, ya kushoto ni kinyume. Angekuwa mtoa mada amelishika lile, angeleta koleo na kwa hilo pia.

Na feni ni sababu ileile. Mapanga yake ukiyatazama kwa mbele yanakwenda na saa. Ukibonyeza swichi mota inaruka ghafla, kifuniko kinataka kubaki nyuma. Kingekuwa na nyuzi za kawaida, kule kubaki nyuma ndiko kujifungua, na siku moja ungekuta panga kifuani. Kwa nyuzi za kinyume kinajikaza chenyewe.

#17 MkaaMkomani
Ahsante. Hatimaye mtu amesema KWA NINI. Binamu yangu alicheka tu.

#18 FundiBaiskeliKN (Malindi)
Mtu wa gesi amenigusa. Pedeli ya kushoto ya baiskeli ni kinyume, na kila wiki analetwa kwangu mtu aliyeimaliza nyuzi kwa kulazimisha. Sababu ni boli, vile vigololi vya chuma vilivyo ndani ya pedeli. Boli zikikauka grisi, pedeli inashika shina (mhimili wake unaofungwa kwenye krenki) na kulivuta, basi wakageuza nyuzi za kushoto ili ikivutwa ijikaze.

Kukumbuka ni rahisi, wala sitaji saa. Simamisha spana iwe inatazama juu. Ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele unakaza, ukiivuta kuelekea la nyuma unalegeza. Pedeli zote mbili, bila kujali uko upande gani.

#19 MaalimChaki
Fundi, kanuni yako ya mbele na nyuma ni dhahabu, nitaiiba. Lakini sababu umeipindua. Nenda nayo polepole. Simama upande wa kulia wa baiskeli. Krenki, ule mkono unaobeba pedeli, inazunguka na saa, pedeli inabaki imelala chini ya kiatu. Kwa hiyo ukilinganisha na krenki, pedeli inarudi kinyume cha saa. Boli zikishika, zitalivuta shina kinyume cha saa, yaani zitalilegeza! Kama boli ndizo sababu, upande wa kulia ndio ungewekewa nyuzi za kinyume.

Sababu ni kubingirika. Shina halijai tundu kikamilifu, kuna nafasi ndogo mno. Uzito wa mguu unalibana upande mmoja, na krenki inavyozunguka, pale panapobana panahama kuzunguka tundu. Shina linabingirika ndani yake na kujizungusha kidogo kidogo upande ulio kinyume. Anayebisha ashike penseli ndani ya ngumi iliyolegea, kisha ncha aizungushe duara na saa kwa mkono mwingine. Penseli yenyewe itajisokota kinyume cha saa.

#20 FundiBaiskeliKN
Nimejaribu na bomba la pampu kwenye kipande cha mfereji. Kweli linajisokota. Lakini Maalim, nimeona kwa macho yangu pedeli ya kulia iliyokwama boli ikajifungua njiani na mtu akabaki na mguu mmoja wa kukanyaga. Hiyo nayo utaniambia ni penseli?

#21 MaalimChaki
Hiyo ndiyo inathibitisha. Boli zikikwama kabisa, zinashinda kule kubingirika na pedeli inafunguka.

#22 FundiBaiskeliKN
Basi sote tumesema boli 😀

Na ngojeni niwape nyingine. Malindi hapa Waitaliano ni wengi na baadhi wanakuja na baiskeli zao. Pale katikati, mhimili wa krenki unapopita, kuna vikombe viwili vya kufunga. Baiskeli ya kipimo cha Kiingereza, kikombe cha kulia ni kinyume. Ya kipimo cha Kiitaliano, vyote viwili ni kawaida. Ya kwanza kunifikia nilining'inia juu ya spana kama nazi. Mwenyewe amekaa kwenye benchi anakunywa kahawa, ananionyesha kwa kidole hewani: hivi, hivi! Na mimi nimekaa upande wa pili wa baiskeli, kwa hiyo "hivi" yake ilikuwa sivyo yangu.

#23 MpigaBaoMkunguni (Lamu)
Hapo ndipo uzi huu ulipopotea toka mwanzo. Njooni Mkunguni mbele ya ngome jioni mtazame bao. Wachezaji wawili wanatazamana. Kulia kwangu ni kushoto kwake, tukianza kubishana kulia na kushoto hatutamaliza hata mkono mmoja. Lakini mimi nikitia kete kichwa cha kushoto na kwenda nazo kulia safu ya mbele, nikarudi kwa safu ya nyuma, nimekwenda na saa. Yeye akifanya vilevile upande wake, naye amekwenda na saa. Kwa nini? Kwa sababu sote wawili tunalitazama bao kwa juu. Fundi na Mtaliano hawakuwa juu ya bao moja, mmoja alikuwa chini ya meza.

#24 ShotoWaShela
Pangaboi! Mwaka mzima nililala nikilitazama pangaboi la dari likienda upande mmoja. Siku niliyopanda ghorofa ya juu ya jirani ambayo haijatiwa sakafu nikalichungulia kwa juu, linakwenda upande wa pili. Nilidhani wamebadilisha waya.

#25 TuktukLaMaweni
Dada ulikuwa unachungulia nini ghorofa ya jirani?

#26 ShotoWaShela
Feni.

#27 KijanaWaNgomeni (Malindi)
Hata dunia ina matatizo hayo. Huku kwetu Ngomeni kuna yale majukwaa ya Waitaliano baharini yaliyorusha satelaiti, ile ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Tulifundishwa kwamba roketi inaelekezwa mashariki ili iazime mwendo wa dunia, kwa sababu karibu na ikweta ardhi yenyewe inakimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa. Sasa dunia inazunguka na saa au kinyume? Aliye juu ya ncha ya kaskazini anaona kinyume cha saa. Aliye ncha ya kusini anaona na saa. Dunia ni moja. Ndiyo maana wao husema "kuelekea mashariki" wakanyamaza.

Na maji ya beseni yanageuka ukivuka ikweta, nimeyaona Nanyuki.

#28 MaalimChaki
Mstari wa mwisho futa, kijana. Mzunguko wa dunia unageuza dhoruba kubwa za baharini, hauna nguvu ya kugeuza beseni. Maji yanazunguka jinsi yalivyomiminwa na jinsi beseni lilivyogeuzwa mkononi. Ukitaka upande fulani, unamimina kwa upande huo. Ni mchezo wa kuchangamsha wageni.

#29 KijanaWaNgomeni
Nililipa pesa kuuona 😭

#30 AbuTwahir (Lamu)
Assalaam alaykum. Mimi kukumbuka kwangu ni kwepesi na sijaona mtu akitaja. Tawafu. Mahujaji wanaizunguka Kaaba mara saba, Kaaba iko upande wa kushoto wao, mwendo ukiutazama kwa juu ni kinyume cha saa. Huo ndio mwendo wa kulegeza. Mwenye skrubu iliyogoma afikirie ule umati.

#31 BintMaalim (Lamu)
Waalaykum salaam. Ami Abu Twahir, kwa heshima, mimi sipendi. Ibada ile na nati ya choo visiwekwe sentensi moja.

#32 AbuTwahir
Mwanangu, sikutaja choo, umetaja wewe. Na moyo unaofanya tawafu nao unalegea, ndiyo maana ikanikaa kichwani.

#33 BintMaalim
Haya ami, hapo umenishinda. Lakini bado sipendi.

#34 ShotoWaShela
Nirudishe mambo duniani. Mnajua kwa nini nyuzi za kawaida zinakaza na saa? Wengine husema ni kwa sababu ya mkono wa kulia. Kiwiko kikiwa kimekunjwa, kugeuza kiganja kitazame juu kuna nguvu kuliko kukigeuza kitazame chini, maana msuli wa mbele wa mkono unasaidia. Kwa mkono wa kulia, mwendo huo wenye nguvu ni wa saa, yaani kukaza. Dunia imejengwa kwa ajili yenu.

Mimi ni shoto. Utotoni nilichapwa vidole kwa kula na kuandika, wakisema mkono wa kulia ndio wa kulia. Lakini kwa mkono wangu wa kushoto, mwendo wenye nguvu ni kinyume cha saa. Kwetu pilipili ya achari ikikazana kwenye chupa, baba anajaribu, kaka wanajaribu, mwisho inaletwa kwangu. Nafungua kwa mkono mmoja. Hawaniiti shoto siku hiyo.

#35 ChumaNaGesi
Sababu ya mkono naikubali nusu. Mkono wenye nguvu ya kukaza ni mkono usio na nguvu ya kulegeza. Nati iliyokula kutu ndiyo inataka nguvu, hapo waliotupangia hawakutufikiria.

#36 MzeeWaKuume (Lamu)
Sisi zamani tulisema kuume na kushoto, hiyo "kulia" imeshika sana siku hizi. Mkono wa kuume.

#37 TuktukLaMaweni
Mzee, kuume ya juu au ya chini?

#38 MzeeWaKuume
Nenda zako.

#39 MaalimChaki
Naona watu wamechoka, niwape ile ninayowapa wanafunzi siku ya mwisho kabla ya mtihani. Haijali saa, jua, wala umesimama upande gani. Kunja vidole vinne vya mkono wa kulia, dole gumba lisimame. Lielekeze dole gumba unakotaka skrubu IENDE. Unataka iingie ukutani, lielekeze ukutani. Unataka itoke, lijielekeze kwako. Vidole vinavyokunjikia ndiko kwa kuzungusha. Uko chini ya sinki, uko juu ya dari, jibu ni lilelile. Nyuzi za kinyume, tumia mkono wa kushoto kwa namna hiyohiyo.

#40 ShotoWaShela
Nimejaribu kwenye bawaba ya mlango, imenikataa.

#41 MaalimChaki
Umetumia mkono gani?

#42 ShotoWaShela
Sijibu.

#43 SeremalaMatondoni (Lamu)
Nacheka peke yangu kazini. Sisi tunatoboa mbao za mashua kwa keke. Uta unavutwa mbele, keke inazunguka huku. Uta unarudi, keke inazunguka kule. Inatoboa kote kuwili. Na baada ya tundu ni msumari na pamba, msumari haukuulizi kulia wala kushoto, unauliza nyundo. Nchi ya misumari ina amani.

#44 NahodhaMstaafu
Seremala, mashua yako ikitiwa mashine utakuja kunitafuta. Niliwahi kung'oa rafadha ya mashine ya nyuma katikati ya mkondo wa Mkanda, ilikuwa imeshika nyavu. Rafadha ya kawaida ukiitazama kwa tezi, nyuma ya mashua, inakwenda na saa mashua ikienda mbele. Na nati yake? Ni ya kawaida, inafunguka kinyume cha saa. Sasa nimuulize mtu wa gesi: feni inakwenda na saa, wameipa nyuzi za kinyume isijifungue. Rafadha inakwenda na saa vilevile, mbona hawakuipa?

#45 ChumaNaGesi
Umenikamata nahodha. Nadhani jibu ni pini. Nati ya rafadha ina pini inayopita katikati na kukunjwa, haina ruhusa ya kujifungua hata ikitaka. Feni haina pini. Na rafadha inarudi kinyumenyume ukitia giya ya nyuma, feni hairudi.

#46 NahodhaMstaafu
Naikubali mpaka nitakapopata nyingine. Kamba nayo ina adabu yake: ile iliyosokotwa kuume, ukiikunja mviringo iende na saa. Ukiikunja kinyume inajifunga vitanzi vya kukunyongea. Huo mwendo nimewafundisha mabaharia wengi, na sikumwambia hata mmoja "na saa". Nilimshika mkono nikamzungushia.

#47 MamaWawili
Ndiyo niliyosema kwenye #9. Mkono.

#48 MkaaMkomani
Wanajamvi, nimerudi. Mama amejua.

Nilipata kifuniko kingine dukani Langoni, nikafika nyumbani nikamkuta amekaa mbele ya feni na vile vipande viwili mapajani. Nikamweleza yote: nyuzi za kinyume, mota kuruka, kivuli, dole gumba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nakifungua kila nikiosha. Nakizungusha upande ule feni inakozunguka, basi."

#49 ChumaNaGesi
Mama yuko sahihi kabisa. Kufungua kifuniko ni kukisukuma na mwendo wa mapanga. Ahsante mama.

#50 TuktukLaMaweni
Lakini feni ikiwa imezimwa utajuaje inazunguka wapi? Mimi yangu inakwenda kasi sijawahi kuona upande.

#51 MkaaMkomani
Nilimuuliza hilohilo. Akasema, "Tazama vumbi. Ukingo wa panga unaotangulia ndio unaoshika vumbi zito. Linakotazama vumbi ndiko feni inakokwenda."

#52 MaalimChaki
Subhanallah. Miaka yote ya kufundisha na sikuwahi kulitazama vumbi.

#53 FundiBaiskeliKN
Sasa mkuu si ungetazama tu vumbi toka mwanzo, usingetusumbua?

#54 MkaaMkomani
Rudi #1. Nilikuwa nimeshalipangusa.